Misuko ya sweta: Kazi ya mkono ambayo mashine haijainyakua

Ukitaka kujua thamani ya sweta, panda boda Kitale saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Julai. Mji huu uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Mlima Elgon upande mmoja na vilima vya Cherangany upande mwingine, na baridi yake haina huruma. Shuka na matatu kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye hadi Bungoma, karibu mita 500 chini, na utahisi jua limekukumbuka. Tofauti ni kama digrii tatu hivi, lakini kwa mtu wa biashara hizo digrii tatu ni soko mbili tofauti.

Ndiyo maana ufumaji haujawahi kufa pande hizi. Kila Januari wazazi hukimbizana kutafuta sweta za shule, na mashine za kufuma hulia kutwa. Lakini kuna aina moja ya ufumaji ambayo vijana wengi wameiona tu kwenye sweta za mitumba na picha za mtandaoni: ile yenye kamba nene zinazopanda kifuani zikipishana, moja juu, nyingine chini, kama nywele zilizosukwa. Wazungu huihusisha na Ireland na mafundo ya Waselti. Hapa tuite msuko, maana ndivyo ulivyo.

Swali la kijana yeyote mwenye akili ni hili: kwani kuna pesa hapo? Na mtu anaweza kujifunza bila kwenda chuo? Jibu la swali la pili ni ndiyo, bila wasiwasi. La kwanza linahitaji hesabu, na hesabu tutaifanya hapa hapa.

Hasla ya kisiwani

Tuanze na hadithi ambayo wauzaji wengi wa sweta hizi hupenda kusimulia. Ati kila ukoo wa wavuvi wa visiwa vya Aran, magharibi mwa Ireland, ulikuwa na msuko wake tangu enzi za kale, ili mvuvi akizama maiti yake itambuliwe kwa sweta. Hadithi tamu, lakini haina mizizi. Aliyeipigia debe sana mambo ya ukale huo ni Heinz Edgar Kiewe, mfanyabiashara wa nyuzi mjini Oxford, aliyetoa kitabu chake mwaka 1967. Miaka 20 baadaye, Richard Rutt, askofu wa Kiingereza aliyekuwa pia mfumaji, aliandika historia ya ufumaji wa mkono na kuonyesha kwamba madai hayo hayana ushahidi.

Ukweli ni kwamba sweta hizo zilichipuka mwanzoni mwa karne ya 20, kwenye visiwa vitatu vyenye mawe mengi na udongo mchache, ambako wanawake walihitaji pesa. Walichukua mitindo ya sweta za wavuvi wa kwingineko, wakaongeza yao, wakashindana nani ana mkono mzuri zaidi. Miaka ya 1940 kampuni ya nyuzi ya Patons ikachapisha maelekezo ya kuzifuma. Mwaka 1961 waimbaji wa Clancy Brothers na Tommy Makem wakaonekana wamezivaa kwenye kipindi cha Ed Sullivan cha televisheni ya Marekani, na baada ya hapo oda zikawa nyingi kuliko mikono ya kisiwani.

Kwa maneno mengine, ile inayoitwa mila ya kale ilikuwa hasla. Watu wa mahali pa baridi walikuwa na uzi, muda na shida. Hiyo habari inatuhusu. Mtu wa Kitale haombi ruhusa ya ukoo wowote ili afume msuko. Na Waireland wenyewe si wageni hapa: Jimbo Katoliki la Kitale lilipoundwa mwaka 1998, askofu wake wa kwanza, Maurice Crowley, alikuwa mzaliwa wa Ireland.

Mafundo yenyewe, yale ya kamba isiyo na mwanzo wala mwisho, ni ya zamani kweli, ila hayakuwa ya sweta. Yalichorwa kwenye vitabu na kuchongwa kwenye mawe. Kitabu cha Kells, kinachohifadhiwa Trinity College mjini Dublin, kilitengenezwa karibu mwaka 800 na kimejaa michoro hiyo. Kuyahamisha kwenye sindano ni kazi ya majuzi tu.

Kanuni ya msusi

Kama umewahi kusuka nywele, ama umeketi kwa msusi masaa manne ukimtazama kwenye kioo, tayari unajua nusu ya kazi. Msuko wa kawaida una mafungu matatu. La kulia linapita juu ya la kati, kisha la kushoto linapita juu ya la kati, kisha unarudia. Ukipitisha upande mmoja tu kila mara, hupati msuko. Unapata kamba iliyosokotwa, kama ya kufungia ng'ombe.

Mafundo ya Kiselti yanafuata sheria hiyo hiyo bila msamaha: kila uzi unaopita juu mara hii, lazima upite chini mara ijayo. Juu, chini, juu, chini. Ni kanuni ile ile ya ukili wa mkeka wa Pwani. Macho ya mteja yanaweza yasijue jina la kosa, lakini yakiona uzi umepita juu mara mbili mfululizo yatasema hapa kuna kitu si sawa.

Kwenye ufumaji, mafungu yale ni vitanzi. Kila kitanzi kina pande mbili. Ukivuta uzi kutoka nyuma kuja mbele, unapata kitanzi laini chenye umbo la V. Tukiite kitanzi cha mbele. Ukiweka uzi mbele na kuusukuma upite nyuma, unapata kinundu. Hicho ni kitanzi cha nyuma. Siri ya msuko kuonekana umeinuka kama tuta ni hapo: kamba unazifuma kwa vitanzi vya mbele, na uwanja wa pembeni unaufuma kwa vitanzi vya nyuma. Uwanja unazama, kamba inainuka.

Vifaa bila stori nyingi

Uzi wa unene wa kati unafumwa vizuri na sindano za milimita 4. Chagua rangi moja tu, na iwe nyepesi: nyeupe ya maziwa, kijivu, ama hudhurungi iliyofifia. Nyeusi inaficha msuko, na uzi wa rangi mchanganyiko unaumeza kabisa.

Kuna watoto wengi magharibi mwa Kenya waliojifunza kufuma kwa spoku za baiskeli, na si ajabu katika eneo ambalo boda ilizaliwa mpakani ikiwa bado inaendeshwa kwa pedali. Lakini spoku ina unene wa milimita 2 hivi. Ukiitumia kama sindano kuu kwa uzi wa kawaida, kitambaa kinakuwa kigumu kama gunia. Kazi yake halisi kwenye msuko ni nyingine: kata kipande cha urefu wa kidole, kisugue ncha zote mbili kwa msasa mpaka zisikwaruze, kikunje kidogo katikati. Hapo umepata sindano ya tatu, ile fupi ya kushikilia vitanzi wakati vingine vinapita. Haigharimu kitu ukiwa rafiki wa fundi wa baiskeli.

Uzi mwingi madukani ni wa akriliki. Si mbaya: ni rahisi kuosha na rangi haipotei upesi. Onyo moja tu: usipige pasi. Moto unalaza zile kamba na hazinyanyuki tena.

Kama unataka sufu halisi bila kuvunja benki, tembelea mitumba. Sweta iliyotupwa Ulaya kwa sababu ya tundu la kiwiko bado ina mamia ya mita za uzi mzuri. Kabla ya kununua, geuza ndani utazame mshono wa ubavuni. Ukiona kingo zimekatwa na kuzungushiwa nyuzi za cherehani, achana nayo. Ukifumua utapata vipande vifupi vifupi. Ukiona kingo ni nzima na zimeunganishwa tu kwa uzi, hiyo chukua. Ukifika nyumbani choma ncha ndogo ya uzi: sufu itanuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayovunjika, akriliki itayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Baada ya kufumua, zungusha uzi kuwa pete kubwa, uloweshe, utundike na kitu kizito chini ili mikunjo inyooke.

Kazi yenyewe: vitanzi 25

Usianze na sweta. Anza na bendi ya kichwa ya kuziba masikio, ile ambayo abiria wa boda wa saa kumi na mbili asubuhi angeinunua bila kuombwa. Ni msuko mmoja mrefu, na ukiujua huo unaweza kuuhamishia popote.

Anzisha vitanzi 25. Fuma mstari wa kwanza hivi: 3 mbele, 5 nyuma, 9 mbele, 5 nyuma, 3 mbele. Geuza. Mstari wa kurudi ni rahisi: 8 mbele, 9 nyuma, 8 mbele. Mistari yote ya kurudi, tangu mwanzo hadi mwisho, ni hiyo hiyo. Huna haja ya kuikumbuka. Tazama tu kitambaa, kitakuambia.

Sasa mzunguko wa mistari 8. Pembeni, yaani vile 3 na vile 5 vya kila upande, haibadiliki kamwe. Mchezo wote uko kwenye vile 9 vya katikati, ambavyo ni mafungu matatu ya vitanzi 3.

Mstari wa 1: chukua vitanzi 3 vya kwanza uviweke kwenye spoku, spoku ining'inie mbele ya kazi. Fuma 3 vinavyofuata kwa mbele, kisha fuma vile 3 vya spoku kwa mbele. Malizia 3 vilivyobaki kwa mbele.

Mstari wa 2: wa kurudi, kama kawaida.

Mstari wa 3: vitanzi vyote 9 mbele, bila kupishanisha.

Mstari wa 4: wa kurudi.

Mstari wa 5: fuma 3 mbele. Weka 3 vinavyofuata kwenye spoku, lakini sasa spoku ikae nyuma ya kazi. Fuma 3 vya mwisho kwa mbele, kisha vile vya spoku kwa mbele.

Mstari wa 6: wa kurudi. Wa 7: vyote 9 mbele. Wa 8: wa kurudi. Halafu unarudi mstari wa 1.

Umeona ujanja? Mara moja spoku inakaa mbele, mara nyingine nyuma. Hapo ndipo ile kanuni ya juu na chini inapotekelezwa. Ukisahau na kuweka mbele mara zote, ule msuko utavunjika na utabaki na kamba zinazokimbilia upande mmoja.

Ukirudia mzunguko huo mara 18 utakuwa na mistari 144, urefu wa karibu nusu mita kwa uzi wa kawaida. Unganisha ncha mbili, bendi iko tayari. Pima kwenye kichwa kabla ya kufunga, kwa sababu mkono wa kila mtu una mvuto wake.

Makosa yanayokula siku

La kwanza ni kusahau kwamba msuko hula upana. Vitanzi vinapopandana, kitambaa kinajivuta ndani. Sweta uliyopanga kwa hesabu ya kitambaa laini itakosa kufunga kifua. Dawa yake ni kufuma kipande cha majaribio, kukipima kwa rula, kisha kupiga hesabu ya vitanzi kutoka hapo. Haraka haraka haina baraka, na kwenye sindano haina hata sweta.

La pili ni kugundua, ukiwa mistari 20 mbele, kwamba pale chini spoku ilikaa upande usiofaa. Wengi hufumua kazi yote huku machozi yakiwalenga. Si lazima. Unaweza kuachia vile vitanzi 6 tu vya ule mpishano, ukavishusha ngazi kwa ngazi hadi kwenye kosa, ukavipishanisha upya na kuvipandisha kimoja kimoja. Kitambaa kingine kinabaki salama. Na kama unajua wewe ni mtu wa kuvurugwa na simu, kila baada ya mizunguko michache pitisha uzi mwembamba wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote. Ukifumua, utasimama hapo.

La tatu ni kutohesabu. Vizibo nane vya soda mezani, unahamisha kimoja kila mstari, vinatosha.

Ukishaizoea hii ya mafungu matatu, ongeza hadi manne, halafu sita. Baada ya hapo unaweza kuzitawanya kamba zitembee juu ya uwanja, zikikutana na kuachana. Hatua ya juu kabisa ni fundo lililofungwa, pete isiyo na mwanzo. Aliyelifanya lijulikane kwa wafumaji ni Elsebeth Lavold, mbunifu wa Sweden, ambaye katika kitabu chake kuhusu mitindo ya Waviking alionyesha namna ya kuongeza vitanzi kadhaa ghafla mahali pamoja ili kamba izuke katikati ya uwanja, na kuvipunguza kwa namna hiyo hiyo inapofika mwisho.

Sasa tuje kwa pesa

Tuongee ukweli. Bendi ile ina vitanzi 3,600, yaani 25 mara 144. Mwanafunzi anayefuma vitanzi 10 kwa dakika atatumia saa 6. Aliyezoea, wa vitanzi 20 kwa dakika, atatumia saa 3. Tuseme unajilipa shilingi 100 kwa saa. Kazi ya mkono pekee ni Sh600 kwa mwanafunzi na Sh300 kwa mzoefu, kabla hujaongeza uzi. Sweta nzima ya misuko, tuseme saa 60, ni Sh6,000 bila uzi. Na pale nje mteja anaiona sweta ya mtumba kwa mia chache tu. Ukijaribu kushindana na mtumba kwa bei, utafuma mpaka vidole viote sugu na mfuko ubaki mtupu.

Kwa hivyo usishindane huko. Zipo njia tatu zenye mantiki.

Ya kwanza ni kuuza kidogo kilicho kizuri. Bendi, kofia ya marvin yenye msuko mmoja mbele, foronya ya mto wa kochi, mfuko wa kompyuta. Mteja analipia kile kipande cha msuko, si uwanja mtupu unaokuchosha bure.

Ya pili ni kuungana na mashine. Wengi hudhani mashine zimeua kazi ya mkono, lakini kwenye mashine ndogo za mkono za kufumia, msuko haujitokezi wenyewe. Fundi lazima asimame, achukue kifaa chenye matundu, atoe vitanzi kwenye sindano na kuvipishanisha kwa vidole. Mafungu ya vitanzi vitatu kwa vitatu ni magumu hata hivyo, kwa sababu vitanzi vya mashine havinyooki sana. Ndiyo maana sweta nyingi za karakana ni laini na zenye mistari. Mwenye mashine anaweza kufuma mgongo na mikono kwa muda mfupi, wewe ukafuma kifua kwa mkono, mkagawana. Anapata bidhaa asiyoweza kuitengeneza peke yake, nawe unaokoa saa nyingi.

Ya tatu ni kikundi. Njoro, kule Nakuru, Kenana Knitters ilianza mwaka 1998 na wanawake wa vijijini wanaofuma wanasesere na nguo kwa mkono, nyingi zikiuzwa nje ya nchi. Walichagua bidhaa ambayo mtumba hauna, wakaishikilia. Kikundi cha vijana watano, wawili Kitale karibu na baridi na watatu Bungoma, kinaweza kugawana oda ambayo mtu mmoja angeikataa.

Sheria mbili za mwisho kwa anayeuza kupitia simu. Piga picha mchana, mwanga ukitoka ubavuni, maana mwanga wa mbele unafuta tuta zote na msuko unaonekana kama kitambaa cha kawaida. Na usianze oda bila malipo ya awali yanayotosha uzi. Bandu bandu huisha gogo, lakini gogo la kukopesha kila jamaa humaliza biashara kwanza.

Kuhusu ndugu zangu wanaume wanaosema kufuma ni kazi ya akina mama: wanaume ni wengi kwenye mashine za sweta za shule, na hakuna anayewacheka Januari ikifika. Sindano mbili haziulizi jinsia. Zinauliza kama unaweza kuhesabu hadi nane, ukarudia mara 18 bila kuchoka.

Kwa anayetaka kuanza wikendi hii: mpira mmoja wa uzi mweupe, sindano za milimita 4, kipande cha spoku. Vitanzi 25. Kufikia mzunguko wa tatu msuko utaanza kuonekana, na hapo ndipo wengi hukataa kulala.